Nyumba Njema si Mlango

Mwanadamu ana mahitaji makuu matatu ambayo hawezi kuyaepuka: chakula, mavazi na makao. Chakula huliwa kikaisha, na nguo huvaliwa ikachakaa. Lakini nyumba iliyojengwa vema huishi kuliko aliyeijenga, ikawapokea wajukuu ambao yeye hakuwaona. Kwa hiyo, katika kazi nyingi za mikono, ujenzi ndio unaozisimulia habari zetu kwa muda mrefu. Swali ninalotaka tulifikiri pamoja, msomaji, ni hili: Je, nyumba yaweza kusema kweli au kusema uongo? Na kama yaweza, ni kweli gani inayoipasa kuisema?

Yamkini utalicheka swali hili. Utasema kuwa jiwe halina ulimi na ubao hauna dhamiri. Kwamba mwongo ni mtu, wala si ukuta. Lakini wahenga walinena: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Maana yake ni kwamba mlango waweza kumhadaa mgeni. Na kitu kiwezacho kuhadaa chaweza pia kuaminika. Tazama nguzo nne zilizosimamishwa mbele ya nyumba, nene kama mapipa, zenye mapambo ya saruji vichwani, nazo ndani ni tupu na juu hazikubeba kitu. Tazama ukuta uliopigwa lipu na kuchorwa mistari ili mpita njia adhani ni mawe ya kuchonga. Tazama ubao hafifu uliobandikwa karatasi yenye sura ya mti wa thamani. Hakuna aliyefungua kinywa, lakini limesemwa jambo ambalo silo. Kinyume chake, tazama boriti iliyoachwa wazi darini, ambayo kila aingiaye huiona ikilibeba paa. Boriti hiyo haijisifu wala haijifichi. Hufanya kazi yake mbele ya macho ya watu, na huo ndio ukweli wake.

Wako watu waliolichukua jambo hili kwa uzito mkubwa. Katika karne ya 19, viwanda vya Uingereza vilikuwa vikitoa vyombo vya nyumbani kwa wingi na kwa haraka, vikiwa na marembo mengi na uimara haba. Mwandishi mmoja, John Ruskin, alifundisha kuwa uzuri wa jengo hauwezi kutengwa na hali ya mtu aliyelijenga. Mfanyakazi aliyegeuzwa kuwa sehemu ya mashine hawezi kuzaa kazi yenye uhai. Mwanafunzi wake kwa fikira, William Morris, aliyeishi tangu 1834 hata 1896, aliyatia mafundisho hayo katika vitendo. Mwaka 1859 rafiki yake Philip Webb alimchorea nyumba huko Bexleyheath, karibu na London. Matofali yake mekundu hayakufichwa kwa lipu, na kwa sababu hiyo ikaitwa Nyumba Nyekundu. Rangi ya udongo wake ndiyo ikawa jina lake.

Fikira hizo zilivuka bahari zikafika Marekani. Huko alikuwako seremala na mtengeneza samani jina lake Gustav Stickley. Mwaka 1901 alianzisha gazeti liitwalo The Craftsman, ambalo kwa lugha yetu tungeliita Fundi. Toleo la kwanza alimtukuza Morris, na la pili Ruskin. Kwa njia ya gazeti hilo aliwapa wasomaji ramani za nyumba za kadiri, na mtindo wa nyumba hizo ukachukua jina la gazeti. Nyumba ya mtindo wa Fundi hutambulika upesi. Ni fupi, imeinama karibu na ardhi kama kuku aliyelalia mayai. Paa lake ni la mteremko mdogo, lenye mapana yanayotokeza mbele ya kuta, na ncha za kenchi zake huachwa zionekane. Ina baraza pana mbele, nguzo nene juu ya misingi ya mawe, na meko ya mawe katikati ya sebule. Viungo vya mbao vyake havifichwi: ulimi wa ubao mmoja huonekana ukipenya tundu la mwenzake. Huko Pasadena, katika California, ndugu wawili, Charles na Henry Greene, waliijenga mwaka 1908 nyumba ya jamaa ya Gamble, ambayo hata leo watu huizuru ili kuona jinsi ubao unavyoweza kuunganishwa na ubao kwa heshima.

Usidhani, msomaji, kuwa habari hizi ni za ng'ambo tu. Nyumba nyingi za namna hiyo huitwa bangalo, na neno hilo limetoka Bengali, katika Bara Hindi, ambako wakulima walijenga vibanda vya chini vyenye mapaa mapana ya kuzuia jua na mvua. Waingereza waliliiga umbo hilo, wakalipeleka kwao, likaenda Marekani, na tena likaletwa Afrika Mashariki. Basi nyumba anayojivunia tajiri wa California ina damu ya kibanda cha mkulima wa Asia. Maarifa ya ujenzi hayana kabila. Yana hali ya hewa, yana udongo, na yana mikono.

Sasa twende Timau. Mji huu uko upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, katika nchi ya Meru, kando ya barabara itokayo Nanyuki kwenda Meru, zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake nchi huteremka kuelekea nyanda kavu za Isiolo. Nyuma yake ni msitu na mlima. Mchana jua ni kali, na usiku baridi huuma. Hapa kuna mashamba ya ngano, shayiri na viazi, na siku hizi mabanda ya maua. Zamani za ukoloni, walowezi waliochukua ardhi katika nyanda za juu za Kenya walijenga nyumba za mawe yaliyochongwa na mbao za mtarakwa. Hazikutoka katika ramani za Stickley, lakini zina undugu nazo: ni za chini, zina baraza, zina mapaa mapana, na zina meko na dohani ya mawe. Nyumba kama hiyo huitii nchi iliyokaa. Ukuta mnene wa mawe hupokea joto la mchana ukaliweka hadi usiku. Meko huifukuza baridi. Baraza huvunja nguvu za jua. Mtarakwa hauliwi upesi na mchwa wala hauozi upesi kwa maji. Kwa kipimo cha mawe na mbao, nyumba hizo husema kweli.

Lakini hapa ndipo mtihani wetu unapoanza. Ruskin na Morris hawakutuambia tulitazame jiwe peke yake. Walituambia tumtazame aliyelichonga. Basi hebu tuulize: ni nani aliyelichonga jiwe la nyumba ya mlowezi? Ni nani aliyeupiga randa mtarakwa, akaushikilia uzi wa timazi, akaubeba mchanga kutoka mtoni? Walikuwa Waafrika, na mara nyingi pamoja nao mafundi wa Kihindi waliokuja na ujuzi wa uashi na useremala. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mtu mzima achukue kipande, chenye alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake na ujira wake. Amri ya mwaka 1939 ikathibitisha kuwa nyanda za juu zitengwe kwa ajili ya Wazungu. Kwa hiyo yule fundi aliijenga nyumba katika ardhi ambayo sheria haikumruhusu kuimiliki. Jina lake liliandikwa kwenye kipande ili asitoroke. Katika jengo alilolitengeneza halikuandikwa.

Tazama basi ajabu ya jambo hili. Nyumba hiyo inaonyesha kila kiungo cha ubao wake, lakini kiungo kilicho kikubwa kuliko vyote, yaani kile kinachomfunga mwenye nyumba na waliomjengea, kimefichwa. Boriti yaonekana, mbebaji wake haonekani. Je, nyumba ya namna hii ni njema?

Wako watakaojibu upesi kuwa si njema, na kwamba yafaa ibomolewe. Wengine watajibu kuwa ni njema, kwa kuwa uzuri ni uzuri, na jiwe halina kosa. Majibu yote mawili yanaikwepa kazi ya kufikiri. Anayetaka kuibomoa nyumba kwa sababu ya dhuluma ya mwenyewe, huivunja pia kazi ya fundi, naye fundi hakudhulumu mtu. Humwadhibu aliyedhulumiwa mara ya pili. Na yule asemaye kuwa uzuri ni uzuri, hutaka tule matunda bila kuuliza shamba ni la nani. Mimi naona njia ni hii: dhuluma ilikuwa katika sheria na katika ujira, lakini ustadi ulikuwa katika mkono. Sheria ile imekwisha. Kenya ilipata uhuru wake mwaka 1963. Ustadi umebaki ukutani. Wajibu wetu ni kuurudisha ustadi huo kwa wenyewe: tuutazame ukuta ule na kusema kuwa ni kazi ya babu zetu na ya mafundi waliofanya kazi pamoja nao, tuwaulize wazee waliobaki majina wanayoyakumbuka, na tuyaandike. Kuisifu nyumba bila kumtaja fundi ni kuiendeleza ile siri ya zamani.

Wala tusidhani kwamba ukweli wa ujenzi uliletwa kwetu na wageni. Jomo Kenyatta, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938 juu ya Wagikuyu, jirani za Wameru, alieleza jinsi nyumba ilivyojengwa kwa siku moja kwa msaada wa jamaa na marafiki: wanaume wakileta miti, wanawake wakileta nyasi za kuezeka. Katika nyumba hiyo hakuna kilichofichwa. Fito zilionekana, kamba zilionekana, nyasi zilionekana. Na waliojenga walijulikana wote kwa majina, maana walikula pamoja jioni yake. Nenda pwani, uitazame Lamu, mji ulioandikwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia. Vyumba vya nyumba zake za kale ni virefu na vyembamba. Kwa nini? Kwa sababu dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake usiozidishwa kwa kutamani. Mjenzi aliutii mti, na upana wa chumba ukawa kama sahihi ya msitu wa bahari. Ndivyo watu wetu walivyokuwa mafundi wa kweli kabla ya gazeti la Stickley kupigwa chapa.

Kutokana na mfano huo huzuka mtihani wa pili, nao ni mgumu kuliko wa kwanza. Wafuasi wa mtindo wa Fundi hufundisha kuwa nyumba ijengwe kwa vitu vya mahali pake. Kwa mkazi wa Timau, mti bora wa mahali pake ni mtarakwa, ambao humea katika misitu mikavu ya kaskazini mwa mlima na katika msitu wa Ngare Ndare ulio karibu. Mti huu ulikatwa sana, kwa nguzo za nyua, kwa mbao, kwa vigae vya mapaa, na hata kwa kutengeneza kalamu za risasi, pengine mfano wa ile uliyonayo mkononi. Mwaka 1999 misitu ya Mlima Kenya, ya Imenti na ya Ngare Ndare ilikaguliwa kutoka angani kwa ndege, ikaonekana kuwa miti ya asili imekatwa kwa maelfu kinyume cha sheria. Mwaka uliofuata msitu wa mlima ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Na kutoka katika msitu huo hutiririka mito inayoingia Ewaso Ng'iro, ambao huwanywesha watu na mifugo ya Isiolo na Samburu, mbali na macho ya anayeshika shoka.

Basi mtu wa Timau afanye nini? Akijenga kwa mtarakwa, atakuwa mwaminifu kwa mila ya mahali, lakini atamnyima maji jirani asiyemjua. Akiuacha, wenye kuupenda mtindo watasema kuwa nyumba yake haina asili. Nasema kuwa hapa lazima tutofautishe uaminifu kwa kitu na uaminifu kwa mahali. Mahali si akiba ya vifaa tu. Mahali ni udongo, maji, wanyama na watu, walio juu ya mto na walio chini yake. Mwaka 2011 tembo walianza kupita katika njia iliyochimbwa chini ya barabara kuu karibu na Timau, ili waende baina ya mlima na Ngare Ndare bila kuuawa na magari wala kuharibu mashamba. Ikiwa barabara ya lami iliweza kuinuliwa kidogo kumpisha tembo, haja ya mtu ya kuwa na sebule nzuri nayo yaweza kuupisha msitu. Anayejenga leo kwa mbao za msanduku zilizopandwa ili zivunwe, kwa mawe ya machimbo ya karibu na kwa mabati yanayokinga maji ya mvua, akaviacha vyote vionekane kama vilivyo, ni mfuasi wa kweli wa mafundi wa kale kuliko yule anayeiba gogo la mtarakwa usiku ili nyumba yake ionekane ya asili.

Nimetaja mabati, nami najua kuwa wako wanaoyadharau. Huu ndio mtihani wa tatu: mtihani wa fedha. Morris alihuzunika kuona kwamba vyombo vilivyotengenezwa kwa mkono na kwa uangalifu vilikuwa ghali, na walioweza kuvinunua walikuwa matajiri. Stickley naye alitamani kuwasaidia watu wa kadiri. Alinunua shamba huko New Jersey akikusudia kufungua shule ambamo vijana wangejifunza kwa mikono yao kulima na kujenga. Shule hiyo haikufunguliwa. Mwaka 1915 biashara yake ilifilisika, na mwaka uliofuata gazeti lake likakoma. Je, hii ni dalili kuwa ukweli ni anasa ya wenye mali?

Siyo. Uongo wa nyumba ndio ulio ghali. Hesabu mwenyewe gharama ya nguzo zisizobeba kitu, ya ukumbi usiokaliwa na mtu, na ya ghorofa iliyoanzwa kwa mkopo ikabaki bila paa, vyuma vyake vikipata kutu mvuani, huku watoto wa mwenye nyumba wakirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Kinachomponza mtu huyo si kupenda nyumba nzuri, bali ni kutaka kuonekana. Nyumba ya vyumba viwili yenye kuta za mbao na paa la mabati, iliyosimamishwa juu ya msingi imara, yenye madirisha ya kupitisha hewa na pipa la kukusanyia maji, haina la kuionea haya. Husema: mwenye nyumba ana kiasi hiki, naye amekitumia kwa akili. Nyumba hiyo yaweza kuongezwa chumba mwaka ujao. Tena, kwa kuwa viungo vyake vyaonekana, ubovu wake nao huonekana mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ataziba vipi ufa yule aliyeufunika kwa karatasi yenye maua?

Na iko dhuluma moja ambayo tajiri na maskini huifanya sawasawa, nayo ni kuchelewesha au kupunguza ujira wa fundi. Tumewalaumu walowezi, na lawama hiyo ni haki. Lakini mtu wa leo anayemfanyisha mwashi kazi wiki tatu, kisha akamwambia arudi mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi akamfungia lango, ana tofauti gani nao? Amebadilika mwenye nyumba, hali ya mjenzi imebaki ile ile. Hapo hakuna sheria ya kikoloni ya kusingiziwa. Nyumba hiyo hata kama mawe yake yamechongwa vizuri na mbao zake zimepigwa randa zikang'aa, imejengwa kwa uongo, kwa sababu mwenyewe huwaambia wageni, "Nimejenga," ilhali alichojenga ni cha mwingine mpaka deni lilipwe.

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Nyumba yaweza kusema kweli, na kweli hiyo ni ya namna tatu. Kwanza ni kweli kwa jicho: kitu kionekane kile kilicho, na kila sehemu ifanye kazi inayojidai kuifanya. Pili ni kweli kwa mkono: aliyejenga alipwe, aheshimiwe, na akumbukwe. Tatu ni kweli kwa nchi: kilichotwaliwa kitwaliwe kwa kadiri ambayo nchi yaweza kukirudisha. Wasanifu wa Marekani walisifika kwa ile ya kwanza. Nyumba za walowezi zilikuwa nayo hiyo ya kwanza zikaikosa ya pili. Nyumba za babu zetu zilikuwa na zote tatu, ingawa moshi wake uliwatoa watu machozi. Na wala si haja yetu kuurudia moshi ili tuipate kweli.

Msomaji kijana, huenda leo huna kiwanja wala tofali. Lakini siku haiko mbali ambapo utajenga, au utapanga, au utachora ramani, au utashika mwiko na timazi kwa mkono wako mwenyewe. Na kazi hiyo ya mwisho si duni kuliko zile nyingine. Siku hiyo watu watakuuliza nyumba itakuwa na vyumba vingapi, na lango lake litakuwa la namna gani. Wewe jiulize maswali yasiyoulizwa: Nguzo hii inabeba nini? Ubao huu umetoka msitu gani? Na yule mtu aliye juu ya kipandio, jina lake nani, na je, nimemlipa? Ukiweza kuyajibu hayo bila kuinamisha macho, fungua mlango wako, hata kama ni wa mbao ghafi, umkaribishe mgeni aingie ndani.